Mabati Kumi na Nane

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu naomba nikupe hesabu yote, maana kesi yenyewe ilianzia kwenye hesabu.

Mwezi wa saba mwaka juzi, mimi na mke wangu tulilipwa pesa za ufuta. Shamba letu ni ekari mbili na nusu, liko upande wa Ruangwa, kwao na mke wangu. Mimi ni mtu wa Nachingwea. (Zamani tungekuwa watu wa wilaya moja. Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, sisi hatujazaliwa, kwa hiyo huwa tunataniana kwamba ndoa yetu imeunganisha kilichogawanywa na serikali.) Ufuta ulipita mnadani kupitia chama cha msingi, makato yakakatwa, tukasubiri kama ilivyo kawaida, na siku moja simu ikalia: hela imeingia benki. Tulipokwisha kulipa madeni ya dukani na ya dawa za shambani, tulibaki na laki sita na ushee.

Sasa mama yangu anakaa Nachingwea kijijini, kwenye nyumba ya tofali za udongo, vyumba viwili na baraza, paa la nyasi. Nyasi zile zilikuwa na misimu minne. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa nyasi za misimu minne zinafanya nini mvua za Desemba zikishuka. Tulikwisha kubaliana, mimi na mama, kwamba ufuta wa mwaka ule utaleta mabati. Fundi alikuja akapima kwa kamba, akasema kumi na nane yanatosha ukibana. Kwa bei ya wakati ule, mabati kumi na nane ni kama laki tatu na elfu sitini.

Sikuyanunua. Nilichukua laki tatu na elfu tisini, nikamchukua mke wangu, tukapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Hatukuwa na mgonjwa Muhimbili. Hatukuwa na msiba wala kesi, wala hatukwenda Kariakoo kufuata vitenge vya kuja kuuza. Tulikwenda kutazama sanaa, kuona watu wakiigiza jukwaani, na kula vizuri. Siku tatu. Kwa lugha ya mtaani tulikwenda kujirusha.

Je, tulikosa? Na kama tulikosa, kosa lenyewe ni lipi hasa? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa miaka miwili, nimeandika riwaya nusu na kuichana kwa sababu yake, na leo nimeona nilitoe tu hapa mbele ya wenzangu tunaojifunza kuandika. Huenda wengi wenu mna mabati yenu kumi na nane mahali fulani.

Kwetu kusini, Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unapita kwa mama, na mjomba ndiye hakimu. Baba anaweza kukasirika akanyamaza. Mjomba akikasirika, unaitwa. Tuliporudi tu, hata vumbi hatujajifuta, mtoto akatumwa: mnaitwa kwa mjomba. Tukakuta mkeka umetandikwa na wazee watatu wamekaa.

"Mjomba," akaniambia, "umekwenda Dar?"

"Nimekwenda, mjomba."

"Kuna nini?"

Hapo ndipo niliposhikwa kigugumizi. Mtu aliyekwenda mjini kutafuta kazi anajua aseme nini, na hata aliyekwenda kulewa anajua. Mimi nilisema, "Tulikwenda kutazama."

"Kutazama." Akalirudia neno hilo taratibu kama mtu anayeonja mboga kuona kama imekolea chumvi. Halafu akasema ponda mali kufa kwaja ni msemo wa walevi, na kwamba ndiyo ni kweli, kufa kunakuja, ila kabla ya kufa huja mvua.

Hebu nianze na utetezi wa mke wangu, maana yeye alikuwa na la kusema kuliko mimi. Alisema pale pale mkekani, kwa heshima, macho yakiwa chini: "Shikamoo mjomba. Ufuta ule nimelima mimi, nimepalilia mimi, nimepepeta mimi. Nusu ya hela ni yangu. Nimekula nusu yangu." Wazee wakatazamana. Hoja hiyo haikujibiwa, na mimi naamini haina jibu. Mtu ana haki na jasho lake. Tukisema kila shilingi ya maskini lazima iende kwenye paa, karo au dawa, na kwamba shilingi ya kucheka imehalalishwa kwa wenye nacho peke yao, basi tumemfanya maskini kuwa mnyama wa kubeba mizigo: anakula apate nguvu, anapata nguvu abebe.

Lakini mke wangu alikuwa na hoja nyingine ambayo hakuisema mkekani. Aliniambia mimi, usiku wa pili kule Dar. Tulikuwa tumekwenda kula kwenye mgahawa mmoja mjini, wenye vitambaa mezani. Si wa kifahari kwa macho ya wenyewe, lakini kwetu ulikuwa Ulaya. Kijana akaja, akasimama, akamwuliza: "Dada, utapenda nini?" Mke wangu akanyamaza. Nikadhani hajui kusoma ile karatasi ya vyakula, kumbe machozi yanamlenga. Baadaye tukiwa gesti ndiyo akasema: tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa utapenda nini. Nyumbani kwao aliivisha akapakua. Kwangu anaivisha anapakua. Kwenye shughuli yuko jikoni, kwenye msiba yuko jikoni. Miaka ishirini na mitatu ya kuishi duniani, mtu wa kwanza kumsubiri yeye aamue ale nini ni mhudumu wa mgahawa ambaye hamjui hata jina.

Aliagiza wali na kamba wa nazi. Elfu kumi na mbili. Ni bei ya zaidi ya nusu bati. Sitaomba radhi kwa ajili ya sahani hiyo, kwa mjomba wala kwa mtu yeyote.

Na hata hivyo, msomaji, ukweli una tabia ya kugeuka na kukutazama. Maana nikajiuliza palepale gizani: mama yangu je? Yeye ana miaka hamsini na nane. Ni nani amewahi kumwuliza?

Mambo mengine ya safari nitayapitisha haraka. Nauli kwenda na kurudi, watu wawili, ilikula karibu nusu ya hela. Njia si mbaya siku hizi. Wazee husimulia jinsi watu walivyolala siku kadhaa pale Rufiji wakingoja pantoni kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Sisi tulilipita huku mke wangu amesinzia. Tulifika Mbagala jioni, tukabanwa na foleni, tukapata gesti ya elfu ishirini na tano yenye feni inayolia kama mtu anayekoroma.

Siku ya kwanza tulikwenda Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert. Niliupenda ule mtaa hata kabla sijaingia ndani. Nani kati yetu asiyefurahi kuona mwandishi wa Kiswahili amepewa barabara? Mambo ya ndani mtayaona wenyewe mkienda. Ila nilisimama sana kwenye habari za kale, nikawaza habari za Tendaguru. Kwa wasiojua: kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoa wetu huu wa Lindi. Watu wetu ndio waliochimba na kuibeba mizigo hiyo kichwani mpaka pwani. Mnyama mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake unapita mita kumi na tatu, watu wanalipa kiingilio kumtazama. Mjomba, laiti ungejua, kuna familia za Kijerumani zinazopanda treni mwisho wa wiki kwenda kutazama kitu kilichotoka nyuma ya mashamba yetu, na hakuna anayeziita mkekani.

Jioni tulikwenda Coco Beach tukala mihogo ya kukaanga, na kachumbari na pilipili. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Tumetoka nchi ya muhogo, tumesafiri siku nzima, tumekuja kununua muhogo! Lakini tulikubaliana kwamba ulikuwa mtamu, na kwamba sehemu ya utamu ni kuwa haukuchimbwa na mikono yetu.

Siku ya pili asubuhi ndiyo iliyonivuruga. Tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo. Kama hujafika, ni uwanja wenye miti, na humo wamejenga nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, za miti na udongo na nyasi, kila moja na vyombo vyake: mitungi, vinu, vitanda vya kamba. Unalipa, unaingia, unazunguka nyumba hadi nyumba. Kulikuwa na wanafunzi wa shule wamevaa sare, kulikuwa na wazungu wawili wenye kamera. Mwongozaji alikuwa anaeleza kwa ufasaha jinsi nyasi zinavyofungwa, jinsi moshi wa jikoni unavyosaidia kuua wadudu wa paa.

Mke wangu alinivuta shati. "Unaona?" akasema polepole. "Tumelipa kuingia kwa mama."

Sikucheka. Nilisimama mlango wa nyumba moja ndogo, nikatazama juu. Paa lilikuwa zuri. Nasema kweli, sijawahi kuliona paa la nyasi kuwa zuri. Fito zimepangwa kwa vipimo, kamba za magome zimepishana kama ususi, mwanga unachuja pembeni kidogo. Kumbe hii ni kazi ya sanaa! Mtu aliketi akafikiri. Na mimi nimelala chini ya paa kama lile tangu utotoni, na sikuona kitu ila aibu, kwa sababu wenzangu shuleni walikuwa na bati.

Halafu wazo la pili likaja, nalo lilikuwa chungu. Paa hili ni zuri kwa sababu hakuna anayelala chini yake. Likichakaa, taasisi italiezeka upya ili wageni waone. La mama likichakaa, linamnyeshea mama. Uzuri nilioupata mimi pale mlangoni niliupata kwa kuwa nimekuja kama mgeni, nimelipa, na jioni nitalala kwenye saruji. Je, huo ni uzuri halali?

Nimekaa sana na swali hilo, na jibu langu kwa sasa ni hili, lichukueni kama jibu la mtu wa kidato cha nne. Uzuri ni halali. Si uwongo kwamba paa lile ni zuri. Lilikuwa zuri hata kabla sijalipa. Kosa ni kudhani kwamba kuuona uzuri kunafuta deni. Nilipolitazama lile paa nililiona la mama kwa mara ya kwanza, na kwa hiyo deni liliongezeka. Kabla ya hapo nilikuwa nadaiwa na mama nyumba. Baada ya hapo nilikuwa nadaiwa na mama nyumba, na pia heshima niliyomnyima kwa miaka yote niliyomwonea haya.

Mchana huo tulipita Mwenge kwa wachonga vinyago. Humo lugha ilibadilika, tukasikia Kimakonde, mke wangu akasalimia, tukapewa viti. Mpingo ule unatoka kwetu kusini, na mafundi wengi ni wa asili ya kwetu. Mzee mmoja alituambia kinyago anachokichonga kitachukua miezi, na kwamba hajui kitanunuliwa na nani. Nikamwuliza kama huko nyumbani kuna mtu wa ukoo wake mwenye kinyago alichochonga yeye ndani ya nyumba. Akafikiri. "Wana vinu," akasema.

Kutoka hapo tulikwenda Oysterbay kuona picha za Tingatinga. Nilitaka sana mke wangu apajue, maana Edward Saidi Tingatinga alikuwa jirani yetu, mtu wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932 na kwenda mjini kutafuta kazi kama wengine. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya mbao za dari. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Kama Tingatinga angesema ngoja kwanza nimalize matatizo, nijenge, nisomeshe, halafu ndipo nichore tembo wangu, ni nani leo angelijua jina lake? Kwa elfu kumi na tano tulinunua picha ndogo ya kanga, ndege kanga mwenye madoadoa, kwa ajili ya mama.

Hili la "ngoja kwanza" linanikumbusha jambo jingine la kwetu. Watu wa Nachingwea tunajua habari za kambi ya FRELIMO, hatuhitaji kitabu. Samora Machel aliishi na kufunza wapiganaji pale. Mwezi wa tano mwaka 1969, katikati ya vita, yeye na Josina walifunga ndoa Tunduru. Nchi yao ilipata uhuru mwaka 1975. Josina alikufa mwezi wa nne mwaka 1971, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitano. Wangengoja uhuru kwanza, wasingeoana kabisa. Sifananishi kamba wa nazi na ndoa ya wapigania uhuru, msinicheke. Nasema tu kwamba shida haijawahi kuisha ikampisha mtu apumue.

Na Mwalimu Nyerere je? Mwaka 1963 nchi haina hata miaka miwili ya uhuru, madaktari hakuna, barabara hakuna, naye rais anatoa tafsiri ya mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Saa alizotumia kutafuta neno moja la Kiswahili lenye mizani sawa zingeweza kutumika kwenye mafaili ya visima. Sijamsikia mzee yeyote akisema Mwalimu alifuja saa za taifa.

Nilimwambia mjomba maneno haya, si yote, mawili matatu. Nikaongeza na la karanga, nikidhani nimemaliza mchezo. Nikasema: mjomba, unazungumza ufujaji mbele ya mtu wa Nachingwea? Waingereza walikuja hapa mwaka 1947 na mradi wa karanga, wakang'oa misitu kwa matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 serikali yao ikafuta hasara ya pauni milioni thelathini na sita. Reli yenyewe ikaja kung'olewa. Hayo yote yalifanywa kwa jina la maendeleo, hapana hata senti iliyokwenda kwenye raha. Sisi tumetumia laki tatu na tisini na tumerudi tumefurahi. Nani kafuja?

Mzee mmoja akacheka. Mjomba hakucheka. Akasema, na maneno haya ninayaandika kama alivyoyasema kwa sababu sijapata dawa yake:

"Mimi sijakataza ngoma. Umechezwa jando hapa, nimeuza mbuzi wawili. Dada zako wamechezwa unyago, watu wamekula siku ngapi? Vinyago vimecheza, wasanii wamekuja kutoka Masasi, pombe imepikwa, wali umepikwa. Hela ile ingenunua mabati. Hakuna aliyelia. Unajua kwa nini? Tulikula wote. Aliyekuwa na nguo mpya na aliyekuwa hana, wote walicheza. Nyinyi mlikula wawili. Nakuuliza mjomba, hiyo ngoma yenu, mama yako alicheza wapi?"

Hapo msomaji nilishindwa. Na nadhani hapo ndipo lilipo swali lenyewe. Hayo mengine yote niliyoyasema juu, ya haki ya jasho na ya Mwalimu, ni kuzunguka mbuyu. Sisi watu wa kusini hatujawahi kuwa watu wa kuogopa gharama za sanaa. Unyago ni tamthilia: una jukwaa, una mavazi, una nyimbo zenye mafumbo, una siri inayofumbuliwa usiku wa mwisho. Ni karamu pia. Ukihesabu kwa shilingi, familia maskini ya Ruangwa baada ya mavuno hutumia kwa sanaa, maigizo na chakula sehemu kubwa ya pato lake kuliko tajiri yeyote wa Masaki. Kilicho kigeni kwetu ni raha ya watu wawili. Mume na mke, mlango umefungwa, tiketi mbili, sahani mbili. Hiyo hatuna jina lake. Sinema na migahawa vimekuja nayo, na vijana tumeichukua bila kuuliza inakula nini. Ebrahim Hussein aliliona zamani: katika Wakati Ukuta, msichana kutaka kwenda sinema na kijana wake kunatosha kuitikisa nyumba nzima. Tulipousoma mchezo huo nilikuwa upande wa msichana. Bado niko upande wake. Ila sasa namsikia na mama.

Lakini mjomba naye hasemi yote. Katika ile ngoma ya wote, nani alipika? Mke wangu anajua nani alipika. Raha ya wote ina migongo inayoibeba, na migongo hiyo mara nyingi imefungwa kanga. Ile meza ya watu wawili ilikuwa mahali pa kwanza ambapo mke wangu hakuwa mgongo wa mtu. Kwa hiyo siwezi kumpa mjomba ushindi kamili, wala siwezi kujipa mimi. Najua hili linawaudhi wanaopenda makala imalizike kwa hukumu.

Lipo hata hivyo kosa moja ambalo silitetei, na nilitaka kulificha mpaka sasa. Mama hakujua tunakokwenda. Nilimwambia nakwenda Dar kwa mambo ya kitabu changu, kwamba kuna watu wanataka kukiona. Hakuna mtu aliyetaka kukiona. Kitabu chenyewe kiko kwenye madaftari manne ya kaunta, sura ya tisa haijakwisha. Mama alifurahi, akatufungia korosho za njiani na ming'oko ya kuchemsha. Tulizila ndani ya basi, tumefika Nangurukuru zimekwisha. Mabati angenisamehe, na alinisamehe. Nilichomnyima ni nafasi ya kusema mwenyewe: haya nendeni wanangu, nyasi zitavumilia msimu mmoja. Angesema hivyo. Namjua. Kwa hiyo nilimwibia hata ukarimu wake.

Sijasema bado habari za tamthilia, na ndiyo iliyotupeleka. Tuliiona usiku wa mwisho, katika ukumbi mdogo, watazamaji hatukufika arobaini. Wasimulizi wa zamani hutuambia jinsi miaka ya themanini na tisini watu walivyojaa kwenye mabaa na kumbi kuona vikundi kama Muungano na TOT, vichekesho, sarakasi na taarabu kwa kiingilio kimoja. Sasa ni viti vitupu. Vijana waliigiza vizuri mno. Kuna mahali mwanamke mmoja anafua. Karai ni tupu, hakuna maji wala nguo. Anachota, anamwaga, anasugua, anakamua, anakung'uta, na mimi nakuapia nililiona tone likimrukia usoni akalifuta. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu. Watu wote ukumbini tuliyaona maji.

Tuliporudi, baada ya kile kikao cha mkekani, tulikwenda kwa mama kumwambia ukweli. Alisikiliza. Akaitundika picha ya kanga juu ya mlango wa chumbani. Hakusema neno juu ya mabati. Akauliza, "Sasa mliona nini huko?" Mke wangu hakujibu kwa maneno. Alichukua karai la mama, akaliweka katikati ya uwanja, akaanza kufua nguo ambazo hazipo kwa maji ambayo hayapo. Mama akaweka mkono mdomoni. Akaita jirani. Jirani akaita watoto. Wiki ile mke wangu alifua kila jioni, na mzee mmoja katika wale wa mkekani alikuja akasimama nyuma ya mwembe akijifanya anapita.

Mvua zikaja Desemba, na paa likavuja kama ilivyotarajiwa. Tulikuwa kwa mama usiku ule wa kwanza. Mama aliamka gizani, akalitafuta karai, akaliweka chini ya pale palipokuwa panadondoka, tukasikia tone, tone, tone. Akasema, "Haya mkwe, leo maji yapo." Wakacheka wote wawili kwa muda mrefu. Mimi nilitoka nje nikasimama barazani.

Mwaka jana tulinunua mabati kumi na nane, kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba sasa haivuji. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele mpaka mtu hasikii anachoambiwa, na mama analalamika kwamba siku hizo mazungumzo yamekufa. Juzi ilinyesha sana. Tulikuwa tumekaa ndani, midomo inacheza lakini hakuna kinachosikika, na mama akachoka, akainuka, akalileta karai akalisukuma mbele ya mke wangu.